CRS326 ya MikroTik na Catalyst 2960-X kwenye faiba moja: zinaelewana, ila kwa masharti

CRS326-24G-2S+RM ni swichi ya MikroTik ya Latvia yenye poti 24 za gigabiti na matundu mawili ya SFP+, yaani ya kuchomeka moduli ndogo zinazogeuza umeme kuwa mwanga wa faiba. Haina feni, inatumia umeme wa DC wa volti 10 hadi 30, na inakaa kwenye raki kwa nafasi ya 1U. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: kuiunganisha kwa faiba na swichi ya Cisco Catalyst 2960-X, ile ndoa ya mkeka inayofungwa kila penye jengo la zamani lenye Cisco na jengo jipya lenye bajeti finyu. Kwa kazi hiyo inastahili hela yake. Ila ndoa hii ina sehemu zake za ugomvi, zinajulikana, na mara nyingi lawama humwangukia asiyehusika: faiba iliyolala chini ya ardhi bila kosa lolote.

Kabla ya kununua moduli hata moja, soma kibandiko cha Catalyst. WS-C2960X-24TS-L ina matundu manne ya SFP, yote mwisho wake gigabiti 1. WS-C2960X-24TD-L ina mawili ya SFP+ yanayofika gigabiti 10. Kwa anayechagua ya mtumba, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, tofauti ni herufi moja tu. Moduli ya gigabiti 10 haifanyi kazi ndani ya TS, hilo liko wazi. Kinachowapiga chenga wengi ni kuweka ya 10 upande wa MikroTik na ya 1 upande wa Cisco, kwa sababu mwanga unafika. Kipimo cha ndani ya moduli kitaonyesha nguvu nzuri pande zote mbili, na taa ya poti haitawaka hata ukikesha hapo. Waya wa shaba unaweza kushuka wenyewe kutoka 10 hadi 1. Faiba haishuki. Kasi lazima ilingane, moduli kwa moduli.

Jozi zinazotulia bila maneno mengi ni hizi. Kwa gigabiti 1 kwenye singomodi (faiba ya kiini chembamba, ya masafa marefu), GLC-LH-SMD upande wa Cisco na S-31DLC20D upande wa MikroTik: zote ni nanomita 1310, zote zina LC mbili (viunganishi vidogo, kimoja cha uzi wa kutuma na kimoja cha uzi wa kupokea). Moja imeandikwa kilomita 10 na nyingine 20, na hilo halina shida, fuata tu ile fupi. Kwa gigabiti 10, SFP-10G-LR na S+31DLC10D. Kwa maltimodi (faiba ya kiini kipana, ya masafa mafupi) ya gigabiti 1, GLC-SX-MMD na S-85DLC05D, zote nanomita 850. Jina la kampuni halisafiri ndani ya uzi. Kinachosafiri ni rangi ya mwanga na kasi yake, kwa hiyo hakuna ulazima wa kuweka moduli za chapa moja pande zote mbili.

Chapa ina maana mahali pamoja tu, nayo ni tundu inapochomekwa. MikroTik haibagui sana. Catalyst inabagua: husoma kichipu cha moduli, na isipoona utambulisho inaoukubali huifunga poti. Amri hii itakuonyesha sababu:

show interfaces status err-disabled

Ukikuta gbic-invalid, achana na faiba, haijafikiwa bado. Dawa safi ni kununua moduli iliyowekewa msimbo wa Cisco, na wauzaji wa moduli mbadala hukuuliza hilo kabla ya kutuma. Dawa ya haraka ni amri mbili katika usanidi mkuu:

service unsupported-transceiver
no errdisable detect cause gbic-invalid

Ya kwanza imefichwa. Haitokei ukibonyeza alama ya kuuliza wala haijikamilishi kwa Tab, iandike yote kwa mkono. Kisha chomoa moduli uirudishe, au uipe poti shutdown na no shutdown. Ujue pia kwamba ukishafanya hivyo, Cisco wanaweza kukataa kukusaidia kwa tatizo litakalohusishwa na moduli hiyo. Kwa 2960-X hilo haliumi sana, maana mauzo yake yalifungwa mwaka 2022 na huduma inafikia kikomo 2027.

Sasa tuje kwenye ugomvi mkubwa wa ndoa hii: mapatano ya awali kati ya swichi (auto-negotiation). Kwenye faiba ya gigabiti 1, swichi mbili huambiana hali zao kabla ya kufungua njia. Hazijadili kasi, maana ni moja tu. Zinajadili daftari la mambo mengine, na kubwa ni swali hili: je, unanisikia? Upande mmoja ukiwa umewasha mapatano na mwingine umeyazima, matokeo ni yaleyale siku zote. Uliozima unaona mwanga na kuwasha taa ya kijani. Uliowasha unasubiri jibu lisilokuja, poti inabaki chini. Fundi wa upande wa kijani anaapa kwamba kwake kuko sawa, na kweli kwake kuko sawa. Ukikuta upande mmoja juu na mwingine chini huku nguvu ya mwanga ikiwa nzuri pande zote, usiguse kitambaa wala mkasi. Nenda kwenye usanidi.

Upande wa Cisco, tafuta mstari wa speed nonegotiate ndani ya poti. Huo ndio unaozima mapatano, na Catalyst zilizotoka ofisi nyingine mara nyingi huja na usanidi wa mwenye mali wa kwanza. Ufute kwa no speed nonegotiate. Upande wa MikroTik:

/interface ethernet set sfp-sfpplus1 auto-negotiation=yes

Moduli ya gigabiti 1 ikikaa kwenye tundu la SFP+ na bado njia ikagoma, zima mapatano pande zote mbili kwa pamoja. Kwenye MikroTik weka auto-negotiation=no pamoja na kasi, ambayo matoleo ya zamani ya RouterOS (mfumo wa uendeshaji wa MikroTik) huiandika 1Gbps na ya karibuni 1G-baseX. Kwenye Cisco rudisha speed nonegotiate. Usizime upande mmoja, hata kwa kujaribu tu, maana ndivyo linavyosahaulika.

Ukiweza kuacha mapatano yamewashwa, yaache, kwa sababu hii. Uzi mmoja kati ya miwili ukikatika, mapatano huvunjika na poti zote mbili hushuka kwa pamoja, hivyo trafiki inahamia njia ya akiba kama ipo. Yakiwa yamezimwa, upande ambao bado unapokea mwanga unabaki juu na kuendelea kumimina data kwenye shimo. Cisco wana kinga yao kwa hali hiyo, UDLD, lakini MikroTik haiijui lugha hiyo, kwa hiyo kuiwasha kwenye poti inayoitazama CRS326 ni pambo tu. Kinga inayoeleweka pande zote ni LACP (itifaki ya kufunga njia kadhaa kuwa kundi moja), hata kama njia ni moja: channel-group 1 mode active kwa Cisco, bonding ya 802.3ad kwa MikroTik. Kwenye gigabiti 10 hofu hii ni ndogo. Kiwango chenyewe kina ishara ya kumwambia mwenzako kwamba humsikii.

Poti zikishawaka kinachofuata ni kusoma mwanga, na hapa CRS326 inapata alama za juu. Amri ni moja na inaeleza kila kitu:

/interface ethernet monitor sfp-sfpplus1 once

Unapata nguvu ya kutuma na ya kupokea kwa dBm (kadiri namba inavyozama chini ya sifuri, ndivyo mwanga ulivyo dhaifu), joto la moduli, volti, mkondo wa leza, urefu wa wimbi, hata jina la mtengenezaji. Kwenye Catalyst ni show interfaces gi1/0/25 transceiver detail, na faida yake ni kwamba inaweka mipaka ya tahadhari kando ya kila namba. Ukipata jibu tupu, angalia moduli: GLC-LH-SM ya zamani, isiyo na D mwishoni, haina kipimo hicho kabisa.

Namba za kuweka kichwani: GLC-LH-SMD hutuma kati ya -3 na -9.5 dBm, na hupokea hadi -20. SFP-10G-LR hutuma kati ya 0.5 na -8.2, na mwisho wake wa kupokea ni -14.4. SFP-10G-SR ya maltimodi huishia -9.9. Kwa hiyo uzi uliobeba gigabiti 1 kwa miaka bila kulalamika, ukasomeka -16, unaweza kufa siku ya kupandishwa hadi 10. Uzi haujaharibika. Moduli mpya tu haina masikio ya ile ya zamani.

Piga hesabu kabla ya kusoma. Tuseme ni kilomita 3 za singomodi, maungio manne ya viunganishi na splaisi nne (nyuzi zilizounganishwa kwa kuyeyushwa), na MikroTik inatuma -6.0. Kwa nanomita 1310 weka desibeli 0.35 kwa kilomita, hiyo ni 1.05. Viunganishi weka 0.5 kila kimoja, jumla 2. Splaisi 0.1 kila moja, jumla 0.4. Upotevu ni kama 3.5, hivyo Cisco inatakiwa isome karibu -9.5. Ikisoma -10 au -11, sawa, maana kipimo cha ndani ya moduli kinaruhusiwa kukosea hadi desibeli 3. Ikisoma -17, kuna desibeli 7 na ushee zimeliwa njiani. Na kwa kuwa kipimo kinaweza kukosea kwa 3, hiyo -17 yaweza kuwa -20 halisi. Hapo ndipo unapokutana na njia isiyokatika wala kukaa sawa: ping inapita, simu za IP zinakwaruza, kaunta ya FCS (fremu zilizofika zimeharibika) inapanda pole pole.

Desibeli 7 hazipotei kwa bahati mbaya. Mshukiwa wa kwanza ni uchafu. Kiini cha singomodi kina mikromita 9, na alama ya kidole ni pana mara nyingi kuliko hapo. Tumia kalamu ya kusafishia ya milimita 1.25 kwa LC na ya 2.5 kwa SC (kiunganishi kikubwa zaidi), safisha pande zote mbili za kila ungio, pamoja na uso ulio ndani ya adapta ya paneli, ule ambao hakuna anayeukumbuka. Kupuliza kwa mdomo ni kuongeza mate. Mshukiwa wa pili ni kijani kuchomekwa kwenye bluu: kichwa cha APC (kijani) kimekatwa kwa pembe ya nyuzi 8, cha UPC (bluu) ni cha bapa, na vikikutana panabaki mwanya wa hewa unaokula mwanga na kuurudisha nyuma. Moduli za SFP za kawaida zinataka UPC. Paneli nyingi zilizofungwa na watoa intaneti ni APC, kwa hiyo pachikodi inayotakiwa hapo ni yenye kijani upande mmoja na bluu upande wa pili. Mshukiwa wa tatu ni mkunjo. Singomodi ya kawaida, G.652, haipendi mzingo wenye nusu kipenyo chini ya milimita 30, na zipu ya plastiki iliyokazwa kwa nguvu nyuma ya raki inafika hapo kirahisi. Mkunjo una tabia ya kuuma zaidi nanomita 1550 kuliko 1310, kwa hiyo mwenye mita ya mwanga apime zote mbili. Tofauti ikiwa kubwa, aache viunganishi atafute ulipopindwa.

Na rangi ya pachikodi usiipuuze. Njano ni singomodi, chungwa ni maltimodi ya zamani, samawati ya maji ni OM3 au OM4, maltimodi za baadaye. Kipande kimoja cha chungwa katikati ya njia ya njano kinatosha kukupa ugonjwa usio na jina, hasa mwanga ukitoka kwenye kiini cha mikromita 50 au 62.5 kuingia cha 9. Zaidi ya nusu humwagika.

Kaunta nazo zina lugha. Kwenye Cisco ni show interfaces counters errors, safu ya FCS-Err. Kwenye MikroTik ni /interface ethernet print stats, mstari wa rx-fcs-error. Zifute kwanza, subiri dakika 10 zenye trafiki, ndipo usome. Makosa huhesabiwa na anayepokea. Yakipanda Cisco peke yake, tatizo liko kwenye mwendo wa kutoka MikroTik kwenda Cisco: kitumaji cha MikroTik, uzi ule mmoja, au kipokezi cha Cisco. Ili kuwatenga hao watatu, badilishana nyuzi mbili katika ncha zote mbili, ili uzi uliokuwa unaenda sasa uwe unarudi. Makosa yakihamia MikroTik, uzi ndio mbovu. Yakibaki Cisco, uzi ni mzima na moduli ndizo za kubadilishwa, moja baada ya nyingine. Jaribio hili halina gharama na linaamua kesi nyingi kuliko kifaa chochote cha bei.

Moduli za uzi mmoja, zile za kutuma na kupokea kwa rangi tofauti, zinahitaji aya yake. Jozi ya MikroTik ya S-3553LC20D inatumia nanomita 1310 na 1550. Jozi ya Cisco ya GLC-BX-U na GLC-BX-D inatumia 1310 na 1490. Ukichukua BX-U ya Cisco na S-53 ya MikroTik, ile 1310 ya Cisco itafika salama, lakini 1550 inayorudi itakutana na kipokezi kinachosubiri 1490 chenye kichujio mbele yake. Mwanga wa kwenda upo, wa kurudi haupo, na unaweza kutafuta mkato hadi jioni. Kwenye aina hii nunua jozi moja ya mtengenezaji mmoja na ile ya upande wa Cisco iwe na msimbo wake. Kosa dogo zaidi ni kuweka mbili zinazofanana, U na U. Hapo hakuna anayesikia chochote.

Kosa la kinyume, mwanga kuzidi, halitokei kwa LX wala LR (zile moduli za 1310 za gigabiti 1 na 10) hata kwa pachikodi ya mita moja, maana kiwango cha juu cha kutuma na cha kupokea ni kilekile. Linatokea mtu akiweka moduli ya kilomita 40 au 80 ndani ya jengo moja kwa sababu ndiyo iliyokuwa kabatini. Bila kipunguza mwanga cha desibeli 5 au 10, kipokezi hulemewa na kinaweza kuungua.

Kuna makosa yanayovaa nguo za faiba na faiba hayaijui. Poti ya Catalyst iliyowekewa portfast na bpduguard (mipangilio ya poti za kompyuta, si za swichi) itajifunga mara tu CRS326 itakapotuma BPDU yake ya kwanza, ule ujumbe wa swichi wa kuzuia mizunguko, na sababu itaandikwa waziwazi kwenye ile amri ya err-disabled. PVST ya Cisco huendesha mti wa kuzuia mizunguko (spanning tree) kwa kila VLAN, yaani kila mtandao uliotengwa ndani ya swichi, MikroTik inauelewa ule wa VLAN 1 tu na mingine inaipitisha kama data ya kawaida. Penye njia mbili zisizounganishwa kwa LACP, weka MSTP, aina ya mti ambayo zote mbili zinaielewa, pande zote kwa jina la eneo, namba ya toleo na mgawo wa VLAN vinavyofanana. Na kwenye CRS326 yenyewe, tengeneza bridge (kundi la poti zinazofanya kazi kama swichi moja) moja tu. Ya pili haipati msaada wa chipu ya swichi, inaangukia CPU, ambayo ni moja ya 800 MHz, na kasi inaporomoka bila kosa hata moja la FCS. Tazama herufi H kando ya poti katika orodha ya bridge. Isipokuwepo, kasi imeanguka hapo.

Swichi hii huja na mifumo miwili, RouterOS na SwOS, unachagua wakati wa kuwaka. SwOS ni nyepesi na kurasa zake zinaonyesha hata hali ya SFP, lakini haina MSTP wala mstari wa amri, kwa hiyo kwa kazi ya kuishi na Catalyst chagua RouterOS. Kukosa feni ni raha ofisini na ni mtihani ndani ya kabati la bati lililofungwa juani: moduli za kawaida hupimwa kwa joto la 0 hadi 70°C, na kipimo cha moduli kitakuambia uko wapi. Ukiona 65 saa nane mchana, acha nafasi ya 1U juu na chini yake. Moduli ya shaba ya gigabiti 10, S+RJ10, ndiyo jiko hasa. Usiiweke kando ya moduli ya faiba kwenye matundu haya mawili yanayogusana.

Mwenye 24TS na majengo mawili yaliyo chini ya kilomita 10 achukue CRS326 na jozi ya 1310 ya LC mbili, kalamu ya kusafishia na moduli moja ya akiba kwa kila upande. Anayehitaji swichi ya kuelekeza trafiki kati ya VLAN nyingi kwa gigabiti 10 hii si yake. Anayehitaji PoE kwa kamera na simu vilevile aiache, maana poti zake 24 hazitoi umeme kabisa.